Hema la Mama Mkwe

Kwa miaka kumi na moja sikuwa nimewahi kumtazama mama mkwe wangu usoni, na si kwamba tulikuwa tumegombana. Ndiyo heshima yetu. Kwetu Bungoma, na kwa watu wetu waliohamia Kitale kufuata mashamba, mwanamume na mama wa mkewe hawapeani mkono, hawaketi chumba kimoja, hawali pamoja. Wakikutana njiani, mmoja huingia kichakani mpaka mwenzake apite. Siku hizi wako vijana wanaokumbatiana na mama wakwe zao harusini mbele ya kamera, na sina neno nao. Lakini mama mkwe wangu ni wa kizamani, na mimi, ingawa nashinda ofisini nimefunga tai, nilijikuta nampenda hivyo hivyo kwa mbali, jinsi mtu anavyompenda mtangazaji wa redio. Sauti yake niliijua vizuri sana. Uso niliuona kwenye picha.

Alikuwa hanisemeshi. Akiwa na neno alimwambia binti yake, naye mke wangu akaniambia mimi, hata pale tulipokuwa tumetenganishwa na ukuta wa udongo tu na nilikuwa nimeshasikia. "Mama anasema chai iko tayari." "Mwambie mama asante." Na mama, upande wa pili: "Mwambie karibu." Nilizoea. Ila tangu mama yangu mzazi afariki, kuna siku nilitamani sauti ile inielekee mimi, hata kama ni kunigombeza.

Aprili ile upepo ulikuja na mvua ya mawe, ukang'oa paa lote la nyumba yake pale Kitale. Mabati yalienda kutua kwenye shamba la jirani, na ukuta wa chumba cha kulala ukaanguka ndani, juu ya kitanda. Mungu alisaidia, yeye alikuwa jikoni akikoleza moto. Akabaki huko huko jikoni, kibanda cha nyasi chenye kuku wanne, moshi, na paa linalovuja pembe zote. Fundi alisema nyumba itachukua miezi miwili, maana matofali hayakauki upesi msimu wa mvua. Baada ya wiki moja, kila mke wangu alipompigia simu, tulisikia kikohozi kabla ya salamu.

"Aje kwetu," nilisema.

Mke wangu alinitazama kana kwamba nimetapika mezani. Mama mkwe halali kwenye nyumba ya mkwe wake. Hilo nililijua, nilisema tu kwa uchungu. Hata hivyo mke wangu alimuuliza, na jibu likaja kupitia simu ikiwa imewekwa sauti ya juu: "Mwambie asante sana. Lakini nikilala kwake, kesho nitaamka niende wapi na huu uso?" Tukasema basi tumkodishie chumba mjini. "Na mahindi yangu yameota juzi, yachungwe na nani? Kunguru?"

Mimi ni mtu wa hasira za karibu. Nilimwambia mke wangu kwamba heshima isiyomwachia mama mahali pa kulala, hiyo ni heshima gani? Akasema, "Haya, enda umwambie mwenyewe."

Ndipo nikapata wazo la hema. Kama hawezi kuja kwenye nyumba, nyumba imwendee. Nilisikia kuna mzee mmoja huko Matulo, mhubiri aliyestaafu, ana hema la turubai zito la kijani alilokuwa akilitumia kwenye mikutano yake. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na hema lile lilijitembeza haswa, maana mwenyewe alinipigia simu mara nne siku moja. Nilipofika kwake kulikuwa na manyunyu, kwa hiyo hatukulifungua lote. Alinionyesha upande mmoja tu, akaupiga kofi na kusema, "Hii ni ile ya zamani. Siku hizi hawatengenezi hivi." Upande ule kweli ulikuwa mzima. Sikumwuliza lilikuwa limehifadhiwa wapi. Baada ya kulinunua niligundua lilikuwa ghalani, chini ya mahindi, na panya wa Matulo wana meno.

Ijumaa jioni nilifika Kitale na hema langu kwenye pikapu. Mke wangu alibaki Bungoma na watoto. Jirani alinisaidia kusimamisha milingoti na kukaza kamba, tukaliweka palepale kando ya nyumba iliyoanguka. Jikoni kulikuwa na mama mkwe pamoja na shangazi ya mke wangu, dada ya marehemu baba mkwe, ambaye sote tunamwita senge. Alikuwa amekuja kumwangalia wifi yake. Giza likaingia. Jikoni sikuweza kulala, na mjini sikutaka kurudi. Nikawaza: si nilale tu kwenye hema? Nitalilinda, halafu mvua ikinyesha nitajua linavuja wapi. Nilijiona mwerevu kupita kiasi. Nikatandika mkeka, nikavua viatu, nikaviweka mlangoni.

Mvua ilinyesha kuanzia saa nane. Asubuhi nilikuwa nimelowa mpaka soksi, lakini nilikuwa na furaha, maana nilikuwa nimeyajua matundu yote. Jua lilipotoka niliyahesabu kwa ndani, yakaja thelathini na nane, mbali na mipasuko mitatu mikubwa. Nikatoa vifaa vyangu. Bungoma ni mji wa baiskeli, na mtu wa Bungoma akiona tundu anawaza pancha. Nilikuwa nimenunua gundi ya pancha na mpira wa tyubu, nikaukata vipande vya mraba. Nilikuwa nimebandika vitatu na ninapuliza cha nne, niliposikia mtu nyuma yangu.

"Mkwe, ulirara wapi?"

Alikuwa senge, na kikombe cha chai mkononi.

"Hapa tu, senge. Kwa hema."

Alitazama viatu vyangu mlangoni. Akaweka kikombe chini, akapiga makofi mara moja, akaviacha viganja vimeshikana. "Yesu wangu. Sasa umefanya nini?"

Sikuelewa. Akanieleza taratibu, jinsi unavyomweleza mgonjwa. Mwenye kulala kwanza kwenye nyumba mpya ndiye mwenye nyumba. Nimelala mimi kwanza. Viatu vyangu viko mlangoni. Basi hiyo ni nyumba yangu, imesimama ndani ya boma la mama mkwe wangu, na yeye hawezi kulaza hata mkoba wake humo, sembuse kichwa. Nilikuwa nimembebea mama kimbilio kutoka Matulo mpaka Kitale, nikamfungia mlango kwa usingizi wangu mwenyewe. Jikoni, kikohozi kilichokuwa kikiendelea kilinyamaza. Nilijua amesikia.

Kuuliza si ujinga, lakini sikuwa nimeuliza. Aibu ikanigeuka hasira, kama kawaida yangu.

"Senge, hii ni turubai! Si nyumba!"

"Na nyumba ni nini? Si ni kitu unaingia ndani mvua isikunyeshee?"

"Lakini ilininyeshea!"

Nilikuwa nabisha tu. Nilikuwa nataka kushinda. Senge, hata hivyo, alitulia akanitazama soksi.

"Ilikunyeshea?"

"Usiku mzima. Angalia hata shati."

Alinigusa bega, akapapasa mkeka uliolowa, akainua macho kutazama matundu. Senge ndiye anayeamua mambo ya ukoo ule, na hata wanaume humwogopa. Mimi nilisimama na kipande changu cha tyubu kama mwanafunzi aliyesahau daftari.

"Basi haikuwa nyumba," alisema mwishowe. "Ulirara nje. Ulirara nje ukiwa umejifunika matambara. Mwenye kuziba ndiye atakuwa na nyumba." Kisha akageukia jikoni akapaza sauti. "Umesikia, wifi? Haina mwenyewe bado!"

Sauti niliyoijua ikatoka kwenye moshi: "Mwambie abandue hizo pancha zake."

Nilizibandua zote tatu. Kusema kweli zilitoka zenyewe, gundi haikuwa imeshika kitu.

Mama mkwe wangu alifanya kazi miaka mingi kwenye maghala ya mahindi mjini Kitale, akishona midomo ya magunia. Mke wangu aliniambia kwamba zamani malori yalipopanga foleni, mama aliweza kufunga gunia kabla mbebaji hajamaliza kujifunga kitambaa kichwani. Sindano yake bado alikuwa nayo, ndefu kama kiganja, imepinda nchani. Akatoa pia uzi wa nailoni, kipande cha mshumaa cha kuupaka ili uteleze, na turubai la lori lililochakaa ambalo mwanawe dereva alikuwa amelitupa nyuma ya choo. Vitu vyote hivyo vilinifikia kupitia kwa senge.

Lakini turubai zito halishonwi na mtu mmoja, hasa likiwa limesimama. Anayetia sindano hawezi kuipokea upande wa pili, labda awe anatoka na kuingia siku nzima. Inatakiwa mmoja awe ndani na mwingine nje. Mama mkwe angekuwa ndani, kwa sababu ndiye aliyekuwa anajitengenezea nyumba. Senge alitafuta wa kukaa nje. Jirani alikuwa ameenda sokoni. Senge mwenyewe macho yake hayaoni uzi. Akanitazama mimi.

"Kuna kitambaa katikati," alisema, kama anayejibu watu wasiokuwepo. "Hamuonani. Hakuna kitu mbaya."

Nikaambiwa nigeuke nitazame choo. Nikageuka. Nilisikia miguu yake ikivuka uwanja, nyepesi, kikohozi mara mbili, halafu mlango wa hema ukashushwa. "Haya," senge akasema, "anza." Akajiwekea kigoda pale mlangoni, akamwaga kunde mapajani aanze kuzichambua, na akawa njia yetu ya maneno.

Kazi ilikwenda hivi. Mimi nashikilia kiraka kwa nje juu ya tundu. Yeye anasukuma sindano kutoka ndani, mimi naivuta kwa koleo mpaka uzi ukaze. Halafu yeye anagonga kwa kidole mahali anapotaka sindano irudi, turubai linafanya kivimbe kidogo, nami nasukuma hapo kando. Yeye anavuta. Tena. Tena.

"Mwambie anavuta kama anavuta ng'ombe."

"Anasema unavuta kama unavuta ng'ombe," senge akasema, bila kuinua kichwa.

"Mwambie nimesikia."

"Anasema amesikia."

"Mwambie akisikia afanye."

Alinifundisha mengi kwa njia hiyo. Kiraka kisikatwe na kona, kikatwe mviringo, maana kona ndiyo hubanduka kwanza. Kiwe kikubwa kuliko tundu kwa vidole vitatu, kwa sababu pembeni mwa tundu kitambaa nacho kimeshachoka ingawa hakionyeshi. Uzi ukazwe lakini usinyonge. Na nisihangaike na vitundu vya sindano, turubai la pamba likilowa linavimba na kuvifunga lenyewe. Kila aliyepita njiani alinikumbusha kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Niliwajibu kwamba ukuta tunajenga tayari, hii ni kazi nyingine.

Kufikia saa sita nilikuwa nakijua kile kidole. Kilikuwa kinagonga mara mbili, haraka, halafu kinangoja. Nikikosea kinagonga mara moja, taratibu, kama kinachosema hapana, hapa. Jua lilipokuwa upande wake niliona kivuli cha kiganja kizima kikipita juu ya kitambaa kikitafuta tundu linalofuata, na mara moja kilisimama mbele ya kiganja changu, turubai tu katikati, mpaka nikahisi joto. Labda lilikuwa joto la jua. Nilimpenda sana saa ile, na ningemwambia nani? Senge?

Mke wangu alipiga simu mchana.

"Hema iko sawa?"

"Tunashona."

"Wewe na nani?"

"Mimi na mama."

Nikasikia anapenga kamasi. "Msikosane," alisema.

Siku ile tulimaliza matundu ishirini na sita. Kulipokuchwa nilienda kwa jirani, nikalala kwenye nyumba ya watu kama binadamu, na yeye akarudi jikoni kwenye moshi wake. Jumapili, baada ya kanisa, tukaendelea. Tulikwenda kanisa moja, yeye amekaa mbele na mimi nyuma karibu na mlango, na kwenye maombi nilijishtukia naombea uzi utoshe.

Ikafika saa kumi, umebaki mpasuko mmoja tu. Ulikuwa mkubwa kuliko yote, nyuma ya hema, kwenye kimo cha kifua, na tulikuwa tumeuacha mwisho kwa uoga. Kitanda cha kamba kilikuwa kimeshaingizwa, kimewekwa palepale chini ya mpasuko, hapakuwa na nafasi nyingine. Upande wa Mlima Elgon mawingu yalikuwa yameshuka mpaka miguuni. Senge aliyatazama, akakusanya kanga yake. "Mimi naenda kufungua ng'ombe kabla hainyeshi. Nyinyi endeleeni." Akaondoka na maneno yetu yote.

Tukaendelea bila maneno. Gonga, sukuma, vuta. Tulianza kutoka chini kwenda juu, mpasuko ukawa unafupika. Mawingu yalinitia haraka, na haraka haraka haina baraka: nilisukuma sindano kabla hajaondoa kidole.

"Uwi!"

"Pole, mama!"

Lilinitoka kabla sijafikiri. Kwa miaka kumi na moja sikuwa nimelielekeza neno hata moja kwake. Nikasimama nimeshika koleo hewani. Nilidhani nimeharibu kila kitu, kwamba atatoka, atarudi jikoni, na mvua hii itamkuta huko na kifua kile. Nilimtafuta senge kwa macho aje anisaidie, nikamwona mbali kule bondeni, ng'ombe amemgomea.

Sindano ikatokeza. Nikaivuta. Kidole kikagonga mara mbili, haraka.

Matone ya kwanza yakaanza kunipiga mgongoni. Tundu lililobaki lilikuwa na ukubwa wa kisahani cha chai, na ndani yake niliona giza tu na ncha ya blanketi.

"Umekula?"

Niligeuka kutazama anayeulizwa. Uwanjani kulikuwa na kuku mmoja anayekimbilia jikoni. Hakukuwa na mtu mwingine.

"Bado, mama," nilisema. Ugali wangu senge alikuwa ameufunika jikoni tangu mchana, nami nilikuwa nimesema nitakula tukimaliza.

Nilisikia kitu kikimenywa. Kisha mkono ukatoka kwenye tundu, mkono wa mwanamke mzee, mweusi, umejaa mikunjo, na tone la damu kwenye kidole cha shahada. Ulikuwa umeshika nusu ya kiazi kitamu. Kilikuwa kimevunjwa katikati, wala si kukatwa, na mvuke ulikuwa umeshakwisha. Kilikuwa chakula chake. Nilikipokea kwa mikono miwili, nikiangalia vidole vyangu visiguse vyake, na mkono ukarudi ndani.

"Kula kwanza," sauti ikasema. "Mvua sio simba, mwanangu."

Nikala nimesimama, maji yakinitiririka shingoni. Ndani nilimsikia naye akitafuna ile nusu nyingine, taratibu, kama watu waliobakiwa na meno machache. Kwa sheria zetu zote hatukuwa tumekula pamoja, kulikuwa na nyumba kati yetu, na nyumba ilikuwa yake. Alikuja kulala humo usiku ule, na wiki tisa nyingine baadaye, na kikohozi kikamwacha wiki ya tatu. Wakati ule sikuyajua hayo. Nilijua tu kwamba sitaki kiazi kiishe.

Senge alirudi anahema, kamba ya ng'ombe mkononi, amejifunika gunia kichwani. Alinitazama mdomo, akatazama tundu.

"Mlikuwa mnasema nini?"

Nilimeza. Ndani, sindano iligusa turubai na ncha yake ikajitokeza karibu na kidole gumba changu.

"Hakuna," mama mkwe wangu akasema. "Mwambie avute."

"Anasema uvute," senge akaniambia.

Nikavuta.